Miaka miwili na Mpango G: bima ya nyongeza ya Medicare kwa aliyetimiza miaka 65

Bahasha zilikuwa mbili, moja ya hospitali na moja ya madaktari, na juu ya kila moja yalikuwapo maneno ambayo mzee yeyote aliye katika Medicare, bima ya afya ya serikali ya Marekani kwa waliotimiza miaka 65, anayajua: "Hii si bili." Nilikuwa nimelazwa siku nne hapa Columbus, Ohio, mwezi Septemba 2024, nikawekewa kwenye mshipa wa moyo kile kijibomba cha wavu ambacho madaktari hukiita stenti. Sasa nilikuwa nimeketi jikoni, miwani puani, nikifuata kwa kidole safu za tarakimu: walichotoza wao, Medicare ilichokubali, na kilichobaki juu yangu. Kilichobaki kilikuwa dola 1,632 za kianzio cha kulazwa, yaani fedha unayolipa mwenyewe kabla bima haijaanza kulipa, na dola 487 za fungu langu katika malipo ya madaktari. Wiki tatu baadaye bima yangu ya nyongeza ilikuwa imezilipa zote 2,119, na mimi sikuwa nimejaza fomu hata moja wala kumpigia mtu simu.

Bima ninayoizungumzia ni Mpango G wa Medigap, yaani zile bima za kampuni binafsi zinazoongezwa juu ya Medicare, na nimekuwa nao tangu Machi 2023. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu wengi wetu tuliokuja huku miaka ya tisini, tukakesha katika nyumba za wazee, maghala na teksi, sasa tunafika miaka 65 mmoja baada ya mwingine, na karatasi zinazotujia zimejaa maneno yanayowachanganya hata waliozaliwa hapa. Kampuni sitaitaja. Katika ununuzi huu jina la kampuni ni jambo dogo kuliko matangazo yanavyotaka tuamini, na nitaeleza kwa nini.

Kwanza ni lazima ijulikane pengo lenyewe, maana anayenunua bima ya nyongeza bila kujua inaongeza nini atauziwa chochote. Medicare ya asili ina Sehemu A, ya kulazwa hospitalini, ambayo aliyekatwa kodi kazini kwa miaka kumi hailipii ada ya mwezi, na Sehemu B, ya madaktari, vipimo na matibabu ya kwenda na kurudi, ambayo mwaka 2025 wengi wetu tuliilipia dola 185 kila mwezi. Ukilazwa, unaanza kulipa mwenyewe kianzio, ambacho mwaka 2025 kilikuwa dola 1,676, kabla Sehemu A haijatoa senti, na watu wengi hudhani kiasi hicho ni cha mwaka mzima kumbe ni cha kila kipindi cha ugonjwa: ukikaa nje ya hospitali siku 60 kisha ukarudishwa, unaanza upya. Kwa Sehemu B unalipa kianzio cha mwaka, ambacho mwaka 2025 kilikuwa dola 257, halafu Medicare inalipa asilimia 80 ya bei iliyoikubali, na wewe asilimia 20.

Hiyo asilimia 20 haina kikomo, na hapo ndipo penye hatari. Stenti yangu ilinibakishia mamia tu kwa upande wa madaktari kwa kuwa nililazwa, na sehemu kubwa ya gharama ikaangukia Sehemu A. Lakini dawa za saratani zinazotiwa kwa dripu kliniki huwa chini ya Sehemu B, na zinaweza kuendelea miezi na miezi, na moja ya tano ya gharama hizo si fedha ya kuzungushia kapu. Sisi tumezoea kuchangishana: mtu akiugua, kundi la WhatsApp linafunguliwa, jioni orodha ya majina na hamsini hamsini inaanza kupanda. Ni desturi njema na imesafirisha maiti wengi hadi kwao, ila kwa mgonjwa anayehitaji dripu kila baada ya wiki tatu kwa mwaka mzima, kapu hilo huchoka kabla yake.

Medigap ndiyo inayoziba pengo hilo. Tofauti na bima nyingine za Marekani, hizi zimewekewa viwango na sheria: tangu mwaka 1992 mipango huuzwa kwa herufi, na herufi moja hubeba mafao yaleyale ya msingi kwa kampuni zote na katika majimbo yote, isipokuwa Massachusetts, Minnesota na Wisconsin, ambayo yana taratibu zao. Kwa hiyo Mpango G wa kampuni yenye jengo la ghorofa arobaini na Mpango G wa kampuni usiyowahi kuisikia vinalipa vitu vilevile. Bei ndiyo hutofautiana, na hutofautiana vibaya sana. Mpango G unalipa kianzio chote cha kulazwa, asilimia 20 ya Sehemu B, na fungu la mgonjwa katika siku za 21 hadi 100 za kituo cha uuguzi baada ya hospitali, ambalo bila bima lilikuwa dola 209.50 kwa siku mwaka 2025. Nilifanya kazi miaka kumi na saba katika vituo vya namna hiyo, na niliona familia zikija siku ya ishirini kuuliza kama mama anaweza kurudishwa nyumbani hata kama hajaweza kusimama. Kitu pekee ambacho Mpango G unakuachia katika Sehemu B ni kile kianzio cha mwanzo wa mwaka. Zamani Mpango F ulilipa hata hicho, na hadi leo wapo watakaokusisitizia kuuchukua, lakini waliotimiza miaka 65 kuanzia tarehe 1 Januari 2020 hawauziwi tena F wala C. Ukimwona wakala anakutajia F na wewe umezaliwa mwaka 1960, ujue hakusoma au hajali.

Niliingia katika uchaguzi huu nikiwa nimeshachomwa kidogo, kwa sababu ya yaliyompata mume wangu. Yeye alifika 65 mwaka 2020, na kama wengi alivutwa na mpango wa Medicare Advantage, ambao ni njia nyingine kabisa: kampuni binafsi inachukua nafasi ya Medicare ya asili, mara nyingi bila ada ya ziada juu ya ile ya Sehemu B, na hukuongezea meno, miwani na hata uanachama wa jimu. Miaka miwili ya kwanza alinicheka kwamba mimi ningekuja kulipia nini. Mwaka 2022 figo zikaanza kumsumbua, na daktari bingwa aliyemtaka hakuwa katika orodha ya kampuni ile, na kipimo kimoja kilingoja kibali wiki tano. Sisemi mipango yote ya Advantage iko hivyo. Ninao jirani wanaoisifu, na ina ukomo wa mwaka wa fedha unazotoa mfukoni, jambo ambalo Medicare ya asili peke yake haina. Nasema tu kwamba mwaka huo, katika dirisha la vuli la tarehe 15 Oktoba hadi 7 Desemba, mume wangu aliamua kurudi Medicare ya asili na kununua Medigap, na hapo tukajifunza jambo ambalo hakuna tangazo lililolisema.

Dirisha la vuli ni la kubadilisha Advantage na bima ya dawa. Si la Medigap. Mlango wa Medigap hufunguka mara moja, kwa miezi sita, kuanzia mwezi ambao umeshatimiza miaka 65 na umejiunga na Sehemu B. Ndani ya miezi hiyo hakuna kampuni inayoruhusiwa kukukataa wala kukupandishia bei kwa ajili ya ugonjwa, hata uwe na kisukari, presha na moyo kwa pamoja. Aliyeanza na Advantage alipofika 65 anapewa nafasi ya kujuta ndani ya miezi 12 ya kwanza. Baada ya hapo, katika majimbo mengi, likiwamo Ohio, ukiomba unaulizwa afya yako, na majibu yako ndiyo yanayoamua. New York na Connecticut ni tofauti, kwani huko kampuni hulazimika kukupokea wakati wowote. Mume wangu aliletewa fomu yenye maswali, na la tatu au la nne lilikuwa: "Je, unatumia insulini?" Alijibu ukweli. Barua ya kukataliwa ilikuwa na aya mbili, na ya pili ilikuwa ya kumshukuru. Kampuni ya pili ikafanya vilevile, akarudi kwenye mpango wake wa Advantage kabla dirisha halijafungwa, na hadi sasa yumo humo.

Ndiyo maana nilipopata kadi yangu yenye tarehe 1 Machi 2023 niliandika kwenye kalenda ya ukutani, kwa kalamu nyekundu, tarehe 31 Agosti.

Wa kwanza kunipigia simu alikuwa wakala kijana wa Kimombasa, ambaye alinipata kupitia msikitini. "Shikamoo mama," akasema, na nikakiri nililainika, maana katika simu thelathini za bima nilizopokea mwezi ule hiyo ndiyo pekee iliyoanza na salamu. Alinieleza vizuri, lakini aliuza kampuni tatu tu, na nilipomuuliza bei ya kila moja itakuwaje nikifika miaka 75, akasema, "Mama, hayo ni mbali." Swali hilo nilikuwa nimefundishwa na mshauri wa OSHIIP, huduma ya Idara ya Bima ya Ohio ambayo haitozi chochote na haiuzi bima. Kila jimbo lina huduma ya aina hiyo, na sielewi kwa nini watu wetu hawaitumii. Mshauri huyo, mama wa Kimarekani aliyestaafu ualimu, alichora mistari mitatu kwenye karatasi. Kuna kampuni zinazotoza bei moja kwa wote bila kujali umri. Kuna zinazokutoza kwa umri uliojiunga nao, zisikupandishie kwa sababu ya kuzeeka. Na kuna zinazopandisha kadiri unavyozidi kuzeeka, ambazo huanza rahisi na kumalizika ghali. Bei za aina zote tatu hupanda pia kwa sababu ya gharama za matibabu, lakini aina ya tatu inapanda kwa sababu mbili kwa pamoja. Akaniambia niulize kila kampuni iko katika mstari upi, na niombe historia ya kupanda kwa bei zake. Mawakala wawili hawakujua wenyewe.

Nilichagua kampuni ya mstari wa tatu, nikijua ninachofanya, kwa sababu za mstari wa pili zilikuwa zimenizidi uwezo mwaka ule. Nilianza na dola 128 kwa mwezi. Mwaka uliofuata ikawa 141, na Machi 2025 imekuwa 163. Hilo ndilo lalamiko langu kuu, na sitalipunguza makali kwa kuwa stenti ililipwa: ongezeko la zaidi ya robo ndani ya miaka miwili si dogo kwa anayeishi kwa pensheni. Jambo la kushikilia ni kwamba kampuni haiwezi kukufuta kwa sababu umeugua, mradi unalipa ada yako.

Katika matumizi ya kila siku bima hii haionekani, na hiyo ndiyo sifa yake kubwa. Sina orodha ya madaktari. Naenda kwa yeyote anayepokea Medicare, awe Columbus au Minneapolis kwa binti yangu, sihitaji barua ya daktari wa kawaida ili nimwone bingwa. Daktari huipelekea Medicare dai lake, Medicare hulipa fungu lake na kulipeleka lililobaki kwa kampuni yangu yenyewe. Kwa miaka miwili bili pekee niliyoipata kutoka kwa daktari ni ile ya kianzio cha Sehemu B, kila mwanzo wa mwaka.

Safari ya Tanga ndiyo iliyoonyesha upande mwingine. Medicare, ila kwa mambo machache sana, hailipi matibabu ya nje ya Marekani, na ni kwa sababu hiyo nilikuwa nimezingatia kipengele cha dharura ya safarini kilichomo katika G: baada ya dola 250 za kwanza bima inalipa asilimia 80, mradi dharura itokee ndani ya siku 60 za mwanzo wa safari, na isizidi dola 50,000 kwa maisha yako yote. Desemba 2024 nilishikwa na nimonia nikiwa nyumbani kwa dada yangu, nikalazwa siku tano. Hospitali ilitaka amana kwanza, mpwa wangu akailipa kwa simu, na baadaye tukamaliza zilizobaki taslimu. Nilirudi Ohio na risiti saba zilizoandikwa kwa mkono, "kitanda", "dripu", "kipimo cha makohozi", moja ikiwa na doa la chai. Kampuni ilizirudisha ikitaka tafsiri. Nikazitafsiri mimi mwenyewe, zikarudi tena, kwamba mgonjwa hawezi kuwa mtafsiri wa madai yake. Mtafsiri aliyekubalika alinitoza dola 85, na tangu nilipotuma risiti kwa mara ya kwanza hadi hundi ilipofika ilipita miezi miwili na nusu. Kwa hesabu yao gharama ilikuwa dola 1,010, wakanilipa 608. Hesabu ni sahihi kwa mujibu wa hati. Anayesafiri aombe hospitali impe muhtasari uliochapwa kwa Kiingereza wenye muhuri, kabla hajaruhusiwa kutoka, na anayekwenda nyumbani kwa miezi minne anunue bima ya safari kwa siku zinazozidi zile 60.

Sasa niseme lililo gumu kusema kwa mtu anayeandika kusifu alichokinunua: kama ningechagua leo, kwa hapa Ohio, ningeangalia Mpango N kwanza. N unalipa kianzio cha kulazwa kama G, na dharura ya safari kama G, ila unamwachia mgonjwa hadi dola 20 kwa kumwona daktari, hadi dola 50 kwa chumba cha dharura asipolazwa, na ile nyongeza ya hadi asilimia 15 ambayo daktari asiyekubali bei ya Medicare anaruhusiwa kutoza. Nyongeza hiyo ndiyo iliyoniogofya mwaka 2023. Baadaye nikajifunza kwamba Ohio ni miongoni mwa majimbo yanayowakataza madaktari kuitoza, kwa hiyo niliogopa kitu ambacho hapa hakipo. Kampuni yangu ilikuwa ikiuza N kwa dola 97. Tofauti ya 31 kwa mwezi ni 372 kwa mwaka, nami mwaka ule nilimwona daktari mara tisa, yaani dola 180 kwa kukisia juu kabisa. Anayekwenda kwa daktari kila wiki mbili, au anayeishi katika jimbo lisilo na katazo hilo na ana daktari asiyepokea bei ya Medicare, hesabu yake itampeleka G. Mwenye akiba na afya nzuri anaweza kuuliza pia G ya kianzio kikubwa, ambayo mwaka 2025 ilianza kulipa baada ya dola 2,870 na ada yake ni ndogo sana. Mimi singepata usingizi nayo.

Pia isidhaniwe kwamba bima hii inafunika kila kitu cha uzee. Meno hayamo, wala miwani, wala vifaa vya masikio. Wala hailipi mtu wa kukuogesha na kukulisha ukishindwa, kazi ile niliyoifanya mwenyewe kwa watu wengine. Dawa za nyumbani zinahitaji Sehemu D, inayonunuliwa peke yake, na ambayo mwaka 2025 iliwekewa kikomo cha dola 2,000 za mfukoni kwa mwaka kwa dawa zilizomo katika orodha ya mpango. Meno nayalipia taslimu.

Swali ninaloulizwa zaidi na vijana ni juu ya wazazi walioletwa huku na watoto wao kwa kadi ya kijani. Mzazi wa miaka 65 na zaidi ambaye hajafanya kazi hapa hupata haki ya kununua Medicare baada ya kukaa miaka mitano mfululizo akiwa mkaazi wa kudumu, na Sehemu A peke yake mwaka 2025 ilimgharimu dola 518 kwa mwezi, kwa kuwa miaka ya kazi ya mwenzi wa ndoa inaweza kumhesabia lakini ya mtoto haihesabiki. Medigap inamtaka awe na A na B zote mbili. Ukijumlisha hizo na ada ya Mpango G au N kwa umri wa miaka sabini na kitu, unafika karibu na kodi ya nyumba, na kabla ya kutia saini inafaa kumuuliza mshauri wa jimbo kama kipato chake kinamstahilisha kupata Medicaid, bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo, au msaada wa kulipiwa ada za Medicare.

Barua ya ongezeko la Machi ilipofika, nilimpigia yule kijana wa Kimombasa kuuliza kama naweza kuhamia N katika kampuni nyingine. Alinisomea maswali ya fomu pole pole. Tulipofika kwenye lile la stenti katika miaka miwili iliyopita alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mama, baki ulipo." Nimebaki, na dola 163 zinakatwa benki kila tarehe 5.